Float si kuelea kila mahali: namna ya kuchagua neno

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini ukiandika "kuelea" kila unapokutana na "float" ya Kiingereza sentensi zinakuwa ngumu kusomeka, na kama "drift", "hover" na "afloat" ni kitu kilekile kwa majina tofauti. Kamusi inayokupa "elea" haijakosea. Imekupa maana ya kwanza tu, ndiyo maana unakwama.

Kuelea kwetu kiini chake ni maji: kitu kiko juu, hakizami. Kinyume chake ni kuzama, na chombo kikikosa maji kwa sababu bahari imekupwa, tunasema kimepwelewa. "Float" nayo inaanzia hapo, lakini imekwenda mbali zaidi. Kiini chake cha pili ni kutofungwa, kutoshikiliwa na kitu. Ukilijua hilo, nusu ya matatizo yanakwisha. Maana ikiwa ni kutozama, tumia elea. Maana ikiwa ni kutofungwa, achana na elea kabisa.

Angalia mifano. "Floating ribs" ni jozi mbili za mwisho za mbavu, ya 11 na ya 12. Hazielei popote; zimeitwa hivyo kwa sababu hazijashikana na kidari kwa mbele. Andika "mbavu zisizoshikana na kidari" na kila msomaji ataelewa. "Floating voter" ni mpiga kura asiyefungwa na chama chochote. Wengi huandika "asiye na msimamo", na hapo wanamtukana mtu bure: anaweza kuwa na msimamo mkali sana, ila hana chama cha kudumu. Kwenye fedha, sarafu ikiwa "floated" maana yake serikali imeacha kuifunga kwenye kiwango maalumu, thamani yake inaamuliwa na soko. Uingereza iliiachia pauni hivyo mwezi Juni 1972. Kosa baya hapa ni kuandika "kushusha thamani". Kushusha ni uamuzi wa kuweka kiwango kipya kilicho chini. Kuachia ni kuacha kupanga kiwango, na sarafu inaweza kupanda au kushuka. Mimi huandika "kuiachia sarafu ifuate soko".

Sasa ndugu zake. Jiulize nani anakisogeza kitu hicho.

"Float" yenyewe haidai mwendo. Gogo lililotulia bwawani "floats". Likianza kupelekwa na maji au upepo bila mtu kuliongoza, hapo ni "drift", na Kiswahili chake kizuri ni kuchukuliwa: boti imechukuliwa na mkondo, ngalawa imechukuliwa na upepo. Usiandike "ilielea hadi mbali", kwa sababu unapoteza jambo muhimu kwamba hakuna aliyekuwa akiongoza. Watu wawili "drift apart" wakiwa wameachana taratibu bila ugomvi. "Uhusiano wao ulipoa" inatosha.

"Hover" ni kubaki hewani mahali pamoja, tena kwa nguvu. Kipanga anapiga mbawa, helikopta inazungusha pangaboi. Kwa hiyo sema helikopta ilisimama hewani, si ilielea. Kinachoelea hewani ni puto, unyoya, vumbi: vitu vyepesi visivyofanya kazi yoyote ili vibaki juu. Kwenye kompyuta, "hover over the link" ni "weka kishale juu ya kiungo bila kubofya". Maneno "bila kubofya" yasiachwe; ndiyo maana yote.

"Glide" ni kwenda kwa ulaini, kama ndege aliyetandaza mbawa asizipige. "Bob" ni kupanda na kushuka juu ya mawimbi palepale, kama chupa tupu iliyofungwa. "Waft" hutumika zaidi kwa harufu, sauti au moshi: "harufu ililetwa na upepo".

"Afloat" ina masharti yake. Haikai mbele ya nomino. Utasema "the ship is afloat", huwezi kusema "an afloat ship". Ukitaka kuiweka mbele, tumia "floating", kama "a floating bridge". Ni tabia ileile ya "asleep" na "alive". Biashara ikiwa "afloat", haijafilisika, bado inajiendesha. "Buoyant" inataja uwezo wa kitu kuelea, hata kama kwa sasa kiko nchi kavu; soko likiwa "buoyant", limechangamka.

Usisahau kwamba "float" inaweza kuwa na mtendwa, yaani mtu anakifanya kitu kielee, na hapa ndipo elea inatusumbua. Zamani "eleza" ilimaanisha pia kufanya kitu kielee, na chelezo (boya) imetoka humo. Leo ukiandika "walieleza mashua", msomaji atasubiri kujua waliieleza nini. Kwa chombo kinachoingizwa majini, neno letu ni kushua. Kwa meli iliyokwama ikaondolewa, Kiingereza husema "refloated", kama ilivyoandikwa kuhusu Ever Given pale Mfereji wa Suez tarehe 29 Machi 2021; sisi tunasema ilikwamuliwa, na inatosha. "Float a company" ni kuanza kuuza hisa zake kwenye soko la hisa. "Float an idea" ni kulitupa wazo ili kuona watu watalipokeaje. Ni jepesi kuliko kupendekeza, kwa hiyo "alipendekeza" linamfunga msemaji na jambo ambalo bado hajajifunga nalo.

Kama nomino, kwenye mshipi wa kuvulia ni chelezo au boya, na mwenzake wa kuzamisha ni chubwi. Ndani ya tangi la choo ni boya: maji yakipanda linanyanyuka na kufunga njia ya maji. Kwa mawakala wa pesa za simu, floti imeshakuwa Kiswahili, iache hivyo.

Jihadhari pia na mtego wa upande wetu. "Moyo unanielea" ni kichefuchefu, na "imenielea" ni nimeelewa. Ukikuta "she was floating on air" ukaandika "alikuwa akielea", umeharibu. Mtu huyo ana furaha tele, hagusi chini. Na usichanganye na "flow": maji yanatiririka, kitu kilicho juu yake ndicho kinachoelea. Wakati uliopita wa moja ni "flowed", wa nyingine "floated". "Flown" ni ya "fly".

Tuchukue sentensi moja: "The boat broke loose and drifted for two days, but it stayed afloat." Tafsiri ya neno kwa neno itakupa "boti ilivunjika huru na kuelea kwa siku mbili, lakini ilibaki ikielea". Kuelea mara mbili, na "kuvunjika" kumemfanya msomaji adhani mbao zimepasuka, kumbe ni kamba. Anza na kamba: boti ilikatika kamba. Kisha nani aliisogeza: ikachukuliwa na maji siku mbili. Mwisho, "stayed afloat" hapa inajibu hofu ya kuzama, basi itaje hofu yenyewe kwa ukanushi: "Boti ilikatika kamba ikachukuliwa na maji siku mbili, lakini haikuzama." Elea haimo hata mara moja, na hakuna kilichopotea.