Maswali ya Wasomaji: Ripoti Inayogoma Kujisasisha

SWALI: Mtaalamu, salaam. Ripoti yetu ya mauzo iko kwenye Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, na faili la Excel inalolisoma liko OneDrive ya kazini, hifadhi yetu ya mafaili mtandaoni. Nikibofya "Refresh" kwenye kompyuta yangu, namba mpya zinaingia. Nikiipandisha mtandaoni inagoma, inadai niweke lango la data. Lango la nini, wakati faili lenyewe liko mtandaoni?

JIBU: Faili liko mtandaoni, ila wewe hukulifuata huko. Inaelekea ulilichagua kwenye folda ya OneDrive iliyomo ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo Power BI imehifadhi anwani inayoanza na C:\Users. Ukiwa kwenye kompyuta hiyo hakuna shida. Seva ya mtandaoni haina njia ya kufika kwenye diski yako, ndiyo maana inaomba lango, yaani programu inayokaa kwenye kompyuta na kupeleka data juu. Lango lingefanya kazi, lakini kompyuta ingebidi iwe imewashwa kila muda wa kusasisha ukifika. Kwa faili ambalo tayari liko OneDrive, huo ni mzigo wa bure.

Lifungue faili kwa Excel ya kompyuta, si ya kivinjari. Nenda "File", kisha "Info", ubofye "Copy path". Bandika anwani hiyo pembeni na ufute alama ?web=1 zilizo mwishoni; zikibaki, unganisho litakataa. Sasa ingia Power Query, sehemu ya Power BI inayovuta na kuandaa data, chagua hatua ya kwanza iitwayo "Source", na kwenye mstari wa fomula ondoa File.Contents pamoja na anwani yake ya C:, uweke Web.Contents na anwani mpya ndani ya alama za nukuu. Usiguse kingine kwenye mstari huo. Hatua zote ulizokwisha kuziweka chini yake zitaendelea kama zilivyo, huna haja ya kuanza upya.

Ukiulizwa utaingiaje, chagua "Organizational account". Wengi huipitisha "Anonymous" kwa sababu ndiyo inayotangulia, kisha wakashangaa kunyimwa ruhusa. Ukishachapisha, fungua mipangilio ya data ya ripoti hiyo mtandaoni na uingie tena chini ya "Data source credentials", njia ya OAuth2, yaani kuingia kwa akaunti yako. Ikiendelea kudai lango, basi lipo jedwali jingine ndani ya ripoti ambalo bado linasoma C:. Moja tu likibaki, ripoti nzima inakwama.

Kuhusu ratiba: leseni ya Pro inaruhusu kusasisha mara 8 kwa siku. Ikifeli mara 4 mfululizo, ratiba inajizima yenyewe, na kurekebisha kosa peke yake hakuiwashi. Lazima urudi kuiwasha.

SWALI: Kolamu ya namba za wateja ilikuwa sawa kwa muda mrefu. Ghafla mistari kadhaa inaandika "Error", na namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele. Hakuna aliyegusa ripoti.

JIBU: Ripoti haikuguswa, lahajedwali liliguswa. Power Query hukisia aina ya kila kolamu kwa kutazama mistari 200 ya mwanzo. Ikikuta tarakimu tupu, inaandika hatua ya "Changed Type" na kuifanya kolamu kuwa ya namba. Siku mtu akiingiza mteja A17 kwenye mstari wa 350, herufi haiwezi kugeuzwa namba, ndipo unaona "Error". Sifuri ya simu nayo inapotea hapo hapo, maana kwa hesabu 07 na 7 ni kitu kimoja.

Futa hatua hiyo, kisha panga aina mwenyewe. Chochote usichokijumlisha, kama vile namba ya mteja, simu au msimbo wa bidhaa, kifanye maandishi. Tarehe zipangie kwa "Using Locale", ukitaja nchi ambayo mtindo wake wa tarehe ndio uliotumika kwenye faili; 03/04 ni Aprili kwa Uingereza na ni Machi kwa Marekani. Kosa hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halitoi ujumbe wowote: kila tarehe kuanzia siku ya 1 hadi ya 12 inakubalika kimya kimya ikiwa imegeuzwa.

SWALI: Lahajedwali letu lina matawi 40 chini na miezi 12 kwa upana, mwisho kolamu ya Jumla. Chati ya mwenendo inanishinda kabisa.

JIBU: Umbo hilo ni la kusomwa na macho, si na programu. Kwanza ondoa kolamu ya Jumla, la sivyo kila kiasi kitahesabiwa mara mbili. Kisha chagua kolamu ya Tawi peke yake na ubofye "Unpivot Other Columns". Utapata mistari 480 yenye tawi, mwezi na kiasi. Seli zilizo tupu hazitengenezewi mstari. Usitumie "Unpivot Only Selected Columns", kwani kolamu ya mwezi utakaoongezwa baadaye itaachwa nje.

SWALI: Tunavuta oda kupitia API ya duka letu la mtandaoni, yaani njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine. Oda ni maelfu, zinakuja 100 tu.

JIBU: Huo ni ukurasa wa kwanza. API nyingi hukata majibu vipande vipande. Tafuta kwenye maelezo yake jina la kigezo cha ukurasa, halafu rudia ombi mpaka lirudi tupu. Ukiona msimbo wa kosa 401, ufunguo wa kuingilia API ni mbovu au umekwisha muda. Ukiona 429, unaomba haraka mno, weka pumziko kati ya maombi. Na namba ya ukurasa ipitishe kwenye sehemu ya Query ya Web.Contents badala ya kuiunganisha kwenye anwani, maana Power BI ya mtandaoni hukataa kusasisha anwani kuu inayobadilika.