Barua kwa mwanangu: bei ya sarafu na thamani yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Umeniuliza: "Mama, hii sarafu ya kidijitali inauzwa senti 5 tu za dola, wakati bitcoin moja ni maelfu kwa maelfu. Si ni rahisi? Nitajuaje bei yake halali?" Nakujibu kwa barua maana kwenye simu ungenikatiza.

Mtego uko kwenye hilo neno "rahisi". Bei ya sarafu moja peke yake haisemi kitu. Ni kama kutajiwa bei ya kiwanja bila kuambiwa ukubwa wake. Bitcoin hazitazidi milioni 21, ndivyo programu yake ilivyoandikwa. Na hiyo yako je? Fungua waraka wa walioiunda utafute namba mbili: sarafu zilizo sokoni sasa, na jumla ya zote zitakazowahi kutolewa. Tuseme sokoni ziko bilioni 10, na jumla ni bilioni 100. Kwa senti 5, zilizo sokoni ni dola milioni 500, lakini zote kwa pamoja ni dola bilioni 5. Zile bilioni 90 mara nyingi ni za waanzilishi na wawekezaji wa mwanzo waliozipata kwa bei ya kutupa, nazo zimefungiwa kwa muda tu. Siku kufuli likifunguliwa, wao watakuwa wanauza. Wewe utakuwa upande gani?

Hata hizo milioni 500 usidhani ni fedha zilizomo ndani. Leo nikiunda sarafu milioni moja, nikamuuzia shangazi yako moja kwa dola, naweza kutangaza kwamba mradi wangu una thamani ya dola milioni. Kilichoingia ni dola moja, na namjua shangazi yako, angeidai kesho yake.

Hilo nililijifunza kwa kuumia. Mwaka 2021 nilinunua sarafu moja ambayo jina lake silitaji kwa aibu. Kwenye kioo cha simu nilikuwa nimepata faida. Nilipoamua kuuza zote kwa mkupuo, wanunuzi walikuwa wachache kiasi kwamba oda yangu peke yake iliporomosha bei, na ile faida ikaishia palepale. Kwa hiyo kabla ya kuuliza thamani, angalia kama soko lina kina cha kukupokea ukitaka kutoka.

Sasa tuje kwenye kiini. Jiulize: nani analipia kuutumia mtandao wa sarafu hiyo, na hela hiyo inamfikia nani? Kwenye Ethereum, kwa mfano, ambao ni mtandao mwingine wenye sarafu yake, kila muamala una ada. Tangu Agosti 2021 sehemu ya msingi ya ada hiyo inachomwa, yaani sarafu hizo zinafutwa kabisa. Na tangu Septemba 2022 wanaofungia sarafu zao ili kuthibitisha miamala ndio wanaopata kinachobaki. Hapo kuna kitu cha kupigia hesabu. Tuirudie sarafu yetu ya mfano: ikiwa inakusanya ada ya dola milioni 2 kwa mwaka, gawanya bilioni 5 kwa milioni 2. Miaka 2,500! Anayenunua kwa bei hiyo anaamini matumizi yatakua maradufu mara nyingi. Pengine yatakua, ila akuonyeshe kwa nini. Chunguza pia kama ada inamfikia mwenye sarafu, kwa sababu tokeni nyingi, yaani sarafu za miradi kama hiyo yako, zinakupa haki ya kupiga kura tu kuhusu mradi. Na kama watumiaji wanalipwa kwa sarafu hiyohiyo ili waje, malipo yakikoma wataondoka.

Bitcoin ni kesi nyingine, kwani kuimiliki hakukupi gawio. Utasikia kwamba gharama ya umeme wa wachimbaji, yaani wanaothibitisha miamala kwa kompyuta na kulipwa bitcoin, ndiyo sakafu ya bei. Mimi sikubali. Bei ikishuka, wachimbaji wenye gharama kubwa huzima mashine, na kila bloku (mafungu ya miamala) 2,016, takriban wiki mbili, mtandao hurekebisha ugumu wa uchimbaji, kazi ikawa nafuu kwa waliobaki. Gharama ndiyo inayoifuata bei. Novemba 2021 bitcoin ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilishuka chini ya 16,000. Ukomo wa milioni 21 haukuguswa. Waliobadilika ni wanunuzi. Wengine hupima wastani wa bei ambayo kila sarafu ilihamishwa mara ya mwisho, wakaulinganisha na bei ya leo. Kipimo hicho kinanisaidia kujua soko limepata homa kiasi gani, lakini bei halali hakinipi, na mtu akikutajia bei moja kamili ya bitcoin, muulize ameikokotoaje.

Nitumie ratiba ya kufunguliwa kwa sarafu zilizofungiwa, pamoja na ada zilizokusanywa miezi 12 iliyopita. Usipovipata vyote viwili, usinunue kabla hatujaongea. Na safari hiyo nitakuacha uongee kwanza.

Mama yako