Je, adabu na adhabu ni neno moja?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Mwanafunzi mmoja ameshikilia kwamba "adabu" na "adhabu" ni neno moja linalotamkwa kwa namna mbili, na ushahidi wake ni kwamba kumtia mtu adabu ni kumwadhibu. Nimjibuje?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ana sikio zuri, lakini hayo ni maneno mawili yenye mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Adabu huandikwa kwa herufi za Kiarabu alifu, dali na ba. Adhabu huanza kwa aini, kisha dhali, na waliosoma chuo cha Kurani wanajua kwamba dali na dhali hutofautishwa kwa nukta moja tu. Kwa kuwa Kiswahili hakina sauti ya aini, maneno yote mawili yalipoingia katika lugha yetu yalianza kwa irabu ileile, na yakabaki kutenganishwa na d na dh.

Katika Kiarabu, adab ni mwenendo mwema pamoja na malezi yanayomfikisha mtu hapo. Baadaye neno lilipanuka likawa pia jina la fasihi, kwa sababu mtu aliyeleleka alitarajiwa kuyajua mashairi na kusema vizuri mbele za watu. Kiswahili kilishika maana ya mwenendo. Katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, adabu ni wasia wa pili ambao mama huyo mshairi anampa binti yake, mara tu baada ya dini, na hapo imeambatanishwa na ulimi mwema, wala haikutajwa pamoja na kiboko. Adhabu asili yake ni mateso.

Msemo wa "kutia adabu" ndio unaotatiza. Kitenzi addaba cha Kiarabu kina maana ya kulea na pia ya kumrudi mtu aliyekosa, na kitenzi chetu "adibu" kimezirithi zote mbili, ndiyo maana kinakaribiana mno na "adhibu". Hata hivyo, matumizi hayadanganyi: adhabu hutolewa, hutumikiwa, na mtu huweza kusamehewa, adabu hushikwa, na asiye nayo huitwa mtovu wa adabu.

Mwandikie mwanafunzi wako ubaoni: "Amepewa adhabu lakini bado hana adabu." Kisha mwambie ayabadilishane nafasi maneno hayo mawili, alisomee darasa sentensi itakayotokea.