Muulize Anti wa Vitabu: Binti wa kisultani, Mjerumani na maiti mlangoni

SWALI: Shikamoo anti. Naandika riwaya ya upelelezi, iko Zanzibar mwaka 1866, binti wa sultani anapendana na mfanyabiashara Mjerumani alafu mlinzi wa nyumba yake anakutwa amekufa. Nimekutumia sura 4 za mwanzo. Rafiki yangu mmoja anasema ni uongo mtupu, binti wa Kiarabu enzi zile angempendaje Mzungu? Mwingine anasema ubaguzi nimeuweka kama kachumbari pembeni ya sahani. Nifute mapenzi nibaki na mauaji tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifute kitu. Huyo wa kwanza mwambie habari za Seyyida Salme binti Said, mtoto wa sultani wa Zanzibar, kazaliwa Mtoni 1844, mama yake suria aliyetoka kwa Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi huko. Akapendana na jirani yake Heinrich Ruete, Mjerumani wa Hamburg, mimba ikaingia, Agosti 1866 akatoroka usiku na manowari ya Waingereza mpaka Aden, mwaka uliofuata akabatizwa jina Emily na ndoa ikafungwa siku hiyohiyo. Sasa uongo uko wapi hapo?

Ila huyo wa kachumbari kakushika pabaya. Kwako Waarabu wanatukana, Mjerumani anatetea, bas. Yani Wazungu wote malaika! Salme alipofika Hamburg watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho, alafu 1870 mume kagongwa na tramu akafa, kamwachia watoto watatu wadogo, na sheria ya kule ikamwekea wanaume wa kusimamia mali yake, huyo mwanamke ambaye Zanzibar alikuwa na mashamba yake mwenyewe na anayaendesha. Na upande wa kwao nako, kakake Barghash ambaye alimsaidia sana alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid 1859, aliporudi 1885 akagoma hata kumwona.

Kwenye riwaya ya upelelezi dharau ndo iwe inamficha muuaji. Angalia hili la Barghash vizuri. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, ananakili herufi za Qur'ani, na alikuwa na miaka 15 tu alipokuwa anawaandikia waasi barua zao. Wewe una barua chini ya godoro la marehemu, na mpelelezi wako kahoji kila mwanaume mwenye kalamu mjini. Muache ahangaike! Asiwaze hata siku moja kwamba mwanamke wa ndani anajua kuandika, na msomaji naye asiwaze.

Kingine ni saa, hiki nakupa bure. Mjakazi wako anasema alisikia ukelele saa tatu usiku. Karani wa konsuli anaandika tatu, kwa hesabu ya kizungu, kumbe kwetu hiyo ni saa tisa ya usiku. Sasa aliyekuwa melini saa tisa anaonekana hana hatia wakati saa tatu hakuna aliyemwona. Kosa lingegundulika kwa swali moja tu, lakini nani alirudi kumuuliza mtumwa?

Alafu toa polisi, polisi gani 1866! Sultani Majid alikuwa na makadhi na askari wa Kibaluchi. Na mtu wa Hamburg hashtakiwi kwa kadhi, kwa mkataba wa 1859 kati ya Sultani na miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck kesi yake ni ya konsuli wao, na konsuli mwenyewe ni mfanyabiashara kama yeye. Hapo una sura nzima ya hasira na hujaigusa. Usiandike "serikali ya Ujerumani" pia, Ujerumani moja imekuja 1871. Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la sultani, umeitaja mara mbili, ilijengwa 1883. Simu ya waya (telegrafu) imefika 1879, na mfereji wa Suez haujafunguliwa mpaka 1869 kwahiyo barua ya kwenda Hamburg usiifikishe wiki mbili, itakuaibisha. Soko la watumwa Mkunazini lenyewe lipo wazi, limefungwa 1873, wahusika wako wanapita karibu yake kila siku na hakuna anayegeuza hata shingo. Kama ni makusudi nakupongeza, kama umesahau karekebishe.

Mapenzi yao sina neno, ile ya kuchunguliana juu ya dari nimeipenda, japo Mjerumani anaongea Kiswahili kitamu mno kwa mtu aliyeshuka melini juzi. Mpunguzie, akosee ngeli kidogo.

Sura ya 5 nitumie ukimaliza, ila yule mjakazi umpe jina kwanza. Nimesoma sura nne, mlinzi aliyekufa ana jina, punda ana jina, yeye bado ni "mjakazi".