Ndege karuka Mars au ndege imeruka?

Swali: Shikamoo mwalimu, niko Ujiji hapa Kigoma. Mwanangu kaandika "ndege ameruka Mars", mwalimu wake kampiga mkasi. Afu kale kadude ka Wamarekani kalikoruka huko Mars tukaiteje, droni, ndege nyuki au ndege isiyo na rubani?

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi. Ndege mwenye manyoya ameruka, ndege ya chuma imeruka, na wingi wake zimeruka. Ukisema "ndege wa Mars" mtu atadhani huko kuna kunguru. Mars, ile sayari, nayo tuna jina letu, Mirihi, limetoka Kiarabu.

Haya, droni. Kwa Kiingereza neno hilo asili yake ni nyuki dume, ndo maana Bongo tukapata ndege nyuki. Mimi nalipenda, labda kwa sababu niko Tabora na sisi ni watu wa asali. Kuna harusi moja hapa Isevya mpiga picha alirusha ya kwake, bibi mmoja akajifunika khanga kichwa kizima akifoka nani kachokoza mzinga! Ila mrina asali yeyote atakwambia dume la nyuki haling'ati wala halitafuti asali, kwa hiyo usilichimbe sana hilo jina. Droni pia ni sawa, droni hii, droni hizi, hamna shida.

Wengi wanasema "ndege ya rimoti", na hapo kwa Mirihi ndo nakataa kabisa. Kile kihelikopta, Ingenuity, kiliruka mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, kikapaa mita 3 hivi, sekunde 39 kikatua, na wakati huo hamna binadamu aliyekuwa kashika rimoti maana ujumbe wa redio kutoka duniani unachukua dakika kadhaa kufika, ukibonyeza "geuka kushoto" chombo kishajibamiza zamani. Walikuwa wanakitumia maelekezo mapema, kuruka kinajiongoza chenyewe. Kwa hiyo isiyo na rubani, au inayojiendesha, hapo linakaa vizuri.

Na usiandike "ilielea hewani" kama puto. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kama asilimia 1 tu ya hii yetu, kwa hiyo kilo 1.8 zile zilinyanyuliwa na mapanga (ndiyo, mapanga, kama ya feni) yaliyozunguka mara 2,400 hivi kwa dakika. Safari zilipangwa 5, kikaenda 72 mpaka panga likavunjika Januari 2024.

Mwanao aandike "ndege isiyo na rubani iliruka Mirihi". Ila ukae tayari, Wamarekani hao hao wanatengeneza nyingine ya kwenda Titan, mwezi wa sayari ya Zohali (Saturn), wameiita Dragonfly, yaani kereng'ende, sasa atakuja kukuuliza kereng'ende ameruka au imeruka. Ni chombo, kwa hiyo imeruka.