Kabla ya kuhama Mbezi, andika wiki yako

Pole dada. Umesema unatoka Mbezi saa 11 alfajiri, unarudi saa 2 usiku, na miezi 8 sasa hujui hata soko la mtaani kwako, ndiyo maana unawaza kuhamia Sinza. Nimepita humo. Nilipokaa Kimara, Dar es Salaam yangu yote ilikuwa Barabara ya Morogoro: kituo, basi la mwendokasi, Kivukoni, hayo tu.

Kwanza andika kwa wiki moja kila unaposimama, na saa. Torsten Hägerstrand, mwanajiografia wa Uswidi, alieleza mwaka 1970 kwamba sehemu tunazolazimika kuwapo kwa saa maalumu ndizo zinazobana kwingine tunakoweza kufika. Mimi niligundua nabeba mboga kutoka Kariakoo kwa mazoea tu, ilhali genge lilikuwa nyuma ya nyumba! Jumamosi nikaanza kuzunguka mtaa kwa miguu. Fanya hivyo mchana. Usiku vichochoro usivyovijua viache.

Sinza nayo ipime: Jumatatu asubuhi safiri kutoka huko hadi kazini, kabla hujalipa kodi ya miezi 6. Na hicho kizunguzungu ulichotaja, kwa usingizi wa saa 4 tu, muone daktari wiki hii.