Viroba vingapi vya mchanga vitazuia maji ya mto?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina yadi ya mbao na ghala hapa Amboni, bondeni upande wa Mto Zigi. Masika yaliyopita maji yalinifika magotini. Fundi anasema tupange viroba vya mchanga wa pwani, mstari mmoja, kimo cha mita moja na nusu, vizuie maji na wezi kwa pamoja. Viroba vingapi vitatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Idadi sikupi, kwa sababu ukuta huo hautasimama. Kila mvua zikikaribia naletewa swali hili, na kila mara fundi ameshauza kimo: eti ukuta ukiwa mrefu na mzito, maji yameshindwa. Hakuna upotofu unaonichosha kama huo.

Maji ya kina cha mita 1 husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 500. Yakifika mita 1.5, msukumo unapita kilo 1,100. Ndiyo maana tuta la viroba la mita 1 linataka kitako cha karibu mita 3. Viroba vijazwe kiasi cha nusu hadi theluthi mbili ili vilale na kubanana, na upande wa maji litandikwe turubai la nailoni. Kiroba kilichojazwa pomoni kinaacha matundu.

Hata hivyo, kuta nyingi hushindwa kuanzia chini. Mchanga unapitisha maji. Mto ukijaa, chungulia upande mkavu, hatua chache kutoka ukutani: utaona maji yanabubujika ardhini na kujijengea kichuguu kidogo cha mchanga chenye tundu katikati. Yakiwa meupe, endelea kuyaangalia. Yakitoka na tope, udongo wa chini ya ukuta unahama. Usizibe tundu, maana maji yatatokea pengine. Lizungushie viroba ili maji yapande kidogo humo ndani na kasi ipungue. Kinga yenyewe hufanywa kiangazi: chimba mtaro chini ya mstari wa tuta, ujaze udongo wa mfinyanzi, uushindilie tabaka kwa tabaka. Fundi wako amekutajia mtaro huo?

Kuhusu wezi, kiroba kinapasuliwa kwa kisu, jua linakila kwa miezi michache, na tuta lenye mteremko ni ngazi ya bure. Uzio wa wezi ujenge peke yake.

Sasa kuna wanaouza "ukuta wa kijeshi", yale makasha ya wavu yanayojazwa udongo. Makasha hayo yalibuniwa Uingereza na Jimi Heselden mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya mmomonyoko na mafuriko. Majeshi yaliyachukua baadaye. Yana wavu wa chuma kizito uliochomelewa na kupakwa zinki, na ndani yake kitambaa maalumu kinachoshika udongo usitoke. Ninayoonyeshwa huku kwetu ni wavu wa kuku uliotandikwa magunia. Udongo ukilowa, wavu unatumbua tumbo, magunia yanachanika, na mwenye mali anabaki na lundo la tope mlangoni. Ukiujaza mchanga wa pwani, chumvi inamaliza waya mapema zaidi.

Wauzaji hao pia hawasemi kwamba ukuta unaozuia mto usiingie unazuia na mvua ya uani isitoke. Bila shimo la kukusanyia maji na pampu, utafurika kutokea ndani. Wala hawasemi maji uliyoyakataa yanakwenda kwa jirani gani. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo pima umbali wako na upite ofisi ya bodi ya maji ya bonde la mto kabla ya kumwaga hata lori moja la kifusi.

Kwa maji ya magotini, anza kwa kupandisha mbao juu ya majukwaa ya zege yanayozidi alama ya maji ukutani. Na fundi anayekutajia bei kabla hajachimba shimo kuona udongo wako, usimpe malipo ya awali.